Trekta, Petro na Alhamisi: Mizizi ya Maneno ya Kiingereza kwa Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza

Mhadhara kwa wanafunzi, wazazi na walimu wa Kata ya Mwankoko, Manispaa ya Singida



Kabla sijagusa Kiingereza, tazameni kilichotukutanisha. Huu ni mhadhara. Anayeutoa ni mhadhiri, na ninyi ndio hadhira. Mmehudhuria, anayetaka kujua nani hayupo atafungua daftari la mahudhurio. Nikiteleza, nitakuwa nimeteleza hadharani. Maneno sita hayo yana mfupa mmoja, konsonanti tatu za Kiarabu zenye maana ya kuwapo. Hakuna mtoto hapa aliyefundishwa jambo hilo, lakini kila mmoja anaujua udugu wa maneno hayo kwa sikio. Upande wa Kibantu ndio usiseme: soma, somo, msomi, msomaji, somesha, someka. Kirimi, lugha ya Wanyaturu mnayozungumza nyumbani, kinakwenda njia hiyohiyo: kitenzi kinavishwa mbele, kinarefushwa nyuma, mpaka neno moja linabeba kazi ya sentensi nzima. Darasani mnaambiwa hayo ni mzizi, viambishi na mnyambuliko, mnafanyia mtihani, mnapata alama.

Halafu mtoto huyuhuyu, mpasuaji wa maneno tangu ananyonya, anapewa neno la Kiingereza lenye silabi tano na kuambiwa alimeze zima.

Utaratibu wetu mnaujua. Tangu 1967 shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili. Mtoto akivuka kwenda sekondari, Hisabati, Baiolojia na Jiografia zote zinageuka Kiingereza. Tume ya Makweta ya 1982 ilipendekeza Kiswahili kianze kupanda ngazi hadi sekondari kuanzia 1985, na pendekezo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, waliandika ripoti iliyoonyesha kwamba wanafunzi wengi hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo mengine. Nina maoni yangu kuhusu lugha ya kufundishia, na wanaonifahamu wameshachoka kuyasikia. Lakini mtoto anayeanza Januari hawezi kungoja sisi wazee tumalize ubishi ulioanza kabla wazazi wake hawajaoana. Leo nazungumza naye yeye.

Simama dirishani pa darasa la kidato cha kwanza wakati wa Baiolojia. Utasikia watoto wanaimba kwa pamoja: "Photosynthesis is the process by which green plants manufacture their own food." Wanaimba vizuri. Mwite mmoja, muulize hilo "manufacture" ni nini. Atatazama chini. Muulize "the process by which" ina kazi gani katika sentensi hiyo, atatazama chini zaidi. Na hapa ndipo uchungu ulipo: mtoto huyo shule ya msingi alijifunza neno usanisinuru, na akiulizwa angekueleza bila kusita kwamba mmea unajitengenezea chakula kwa msaada wa mwanga. Nuru anaijua. Basi angeambiwa tu kwamba "photo" ya Kigiriki ni hiyo nuru, "syn" ni pamoja na "thesis" ni kuweka, angeona kwamba waliotunga neno hilo kwa vipande vya Kigiriki na waliotunga usanisinuru walijenga nyumba ileile, isipokuwa mlango wa mbele wameuweka pande tofauti.

Wengi wakisikia mizizi ya Kiingereza wanafikiri wataletewa orodha ndefu ya Kilatini na Kigiriki, wakariri upya. Orodha hiyo mnayo tayari. Mnaitumia sokoni na shambani bila kuidai maana.

Trekta. Mnaliita mnapotaka kulima alizeti kwa haraka kabla mvua haijakata. Ni "tractor", kutoka kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuvuta. Trekta ni kivutaji, basi. Sasa fuata ukoo. "Attract" ni kuvutia kuelekea kwako: sumaku na vumbi la chuma katika Fizikia, ua na nyuki katika Baiolojia. "Subtract" ni kuvuta kutoka chini, yaani kutoa katika hesabu. "Extract" ni kuvuta nje. Mzee mwenye mashine ya kukamua alizeti hapo mjini anafanya "extraction" kila siku. Akiweka kibao cha Kiingereza mlangoni, neno litakuwa hilo. "Contract" ni kuvutana pamoja, na hapa mwanafunzi atakutana nalo mara mbili. Katika Uraia ni mkataba, watu wawili wamevutana wakakutana mahali pamoja. Katika Baiolojia ni msuli unaojikaza, nyuzi zake zimevutana. Kamusi itakupa maana hizo mbili kwa namba mbili kana kwamba hazijuani. Mzizi unakuonyesha kwamba ni jambo moja.

Kuna neno lingine linalowatesa watoto kwa namna hiyo: "solution". Mwalimu wa Hisabati analitumia kwa jibu, mwalimu wa Kemia kwa maji yenye chumvi ndani yake, na mtoto anadhani mmoja wao amekosea. Kilatini kilisema kulegeza, kufungua. Hesabu imefunguka, chumvi nayo imefunguka ndani ya maji hadi haionekani. Kutoka hapo unapata "solve", "dissolve", "solvent", "solute", "soluble". Mkiwa hapa karibu na Ziwa Singidani, ambalo maji yake ni ya chumvi, mwalimu wa Kemia hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano.

Baiskeli ina "bi", mbili, na gurudumu la Kigiriki. "Bi" hiyohiyo iko katika "bisect", kukata sehemu mbili, na "binary". Simu ya telefoni ni sauti ya mbali. Televisheni ni kuona mbali. Maikrofoni mbele yangu hapa ni ya sauti ndogo. Petroli ni mafuta ya mwamba, na mtu wa Singida, aliyezungukwa na mawe makubwa kuliko nyumba, hawezi kusahau mwamba. Wakristo waliopo wanajua kwa nini mvuvi Simoni aliitwa Petro.

Tukiwa kwenye majina, tusiharakishe. Yuko hapa kijana anayeitwa Joji? Jina lako ni mkulima: "geo" ardhi, na "ergon" kazi. Ardhi yako utaikuta katika "geography", kuandika habari za ardhi, na katika "geometry", kupima ardhi, kazi ambayo maafisa ardhi wangali wanaifanya kwa kamba na vyombo kila mtaa unapopimwa viwanja. Kazi yako utaikuta katika "energy". Filipo ni mpenda farasi. Farasi huyo ndiye aliyeingia mtoni akawa "hippopotamus", farasi wa mto, jina ambalo kwa kweli kiboko hakustahili. Stefano ni taji. Sofia ni hekima, na ukimuunganisha na upendo wa Filipo unapata "philosophy".

Hamisi naye asifikiri nimemsahau. Hamisi amebeba tano ya Kiarabu, ileile ya Alhamisi na ya hamsini. Tano ya Kigiriki ni "pente". Pembetano kwa Kiingereza ni "pentagon". Na Pentekoste, sikukuu ambayo mabango yake yamejaa barabara zetu, maana yake ni ya hamsini, siku ya hamsini tangu Pasaka. Hamisi na jirani yake wa kanisa la Kipentekoste, kwa hesabu, ni ndugu.

Sasa ng'ombe. Nimefika nyumbani kwenu.

Kilatini kilikuwa na neno "caput", kichwa. Kutoka hapo kikaja kivumishi cha mali iliyo kuu, mali ya kichwani. Kifaransa kikalichukua kikalipindapinda, na Kiingereza kikalipokea kwa nyakati tofauti kwa milango tofauti, likawa maneno matatu: "cattle", ng'ombe, "chattel", mali inayohamishika, na "capital", mtaji. Mwalimu wa Biashara anapoandika "capital" ubaoni, anaandika ng'ombe. Si hilo tu. Waroma waliita fedha "pecunia" kutoka "pecus", mifugo, na Kiingereza kikabaki na "pecuniary", jambo la fedha. Mwanaanthropolojia Harold Schneider aliyeishi na Wanyaturu akaandika kitabu juu ya uchumi wa Wahi, tawi mojawapo la Wanyaturu, kilichochapishwa 1970, alishikilia kwamba mifugo kwa Mnyaturu inafanya kazi za fedha na mtaji: inahifadhi thamani, inazaa, inakopeshwa, inaoa. Wasomi wa uchumi walibishana naye sana. Mzee wa Mwankoko angewaambia waangalie kamusi zao wenyewe.

Ng'ombe yuko hata zahanati. "Vaccine" ni kutoka "vacca", ng'ombe jike, kwa kuwa Edward Jenner, daktari wa Uingereza, mwaka 1796 alimkinga mtoto dhidi ya ndui kwa kutumia usaha wa ndui ya ng'ombe. Sisi tumeiita chanjo kwa sababu ya kuchanja ngozi. Wao wamemkumbuka mnyama, sisi tumekumbuka wembe.

Walimu mnaona ninakokwenda, na pengine mmeanza kupata wasiwasi. Wasiwasi huo ni halali. Mizizi inadanganya.

Mtoto aliyejifunza kwamba "helio" ni jua, kwa sababu nimemwambia alizeti kwa jina la kisayansi ni "Helianthus", ua la jua, atakutana na "helicopter" na kutafuta jua humo. Hamna. Helikopta ni bawa linalozunguka kama skrubu, "helico" na "pter". "Ped" ya Kilatini ni mguu, kwa hiyo "pedestrian" ni mtembea kwa miguu. Lakini "paediatric" ina mtoto wa Kigiriki, na Wamarekani wanaliandika kwa "ped" vilevile, wakazidi kutuvuruga. "Homo" katika "homogeneous" ni sawasawa, katika "Homo sapiens" ni binadamu. Na "in", ambayo kwa kawaida hukanusha, inawaka moto katika "inflammable", neno lililoandikwa kwenye magari ya mafuta: haimaanishi kisichowaka. Hilo mfundisheni hata dereva.

Kuna udanganyifu mwingine, nao naupenda zaidi kwa sababu unafundisha sayansi. "Oxygen" maana yake mzaa asidi. Lavoisier, Mfaransa, ndiye aliyeipa oksijeni jina hilo katika karne ya 18 akiamini kwamba kila asidi ina oksijeni. Baadaye Humphry Davy akaonyesha kwamba asidi ya haidrokloriki haina oksijeni hata chembe. Jina likabaki. "Atom" maana yake isiyokatika, na sote tunajua ilivyokatika. "Malaria" ni hewa mbaya kwa Kiitaliano. Ilichukua mpaka 1880 Laveran aone vimelea kwenye damu huko Algeria, na 1897 Ross aviambatanishe na mbu huko India, ndipo hewa ikaachiwa huru. Mbu mwenyewe, "Anopheles", jina lake la Kigiriki ni asiye na faida. Hapo, kwa mara moja, mzizi umesema kweli tupu.

Kwa hiyo mzizi unakwambia mtu wa kwanza aliyelitunga neno alifikiri nini. Kinachosemwa na neno leo kiko kwenye fasili, na fasili ndiyo sehemu tunayoifundisha vibaya kuliko zote.

Mitihani yetu inapenda "Define the term". Tangu Aristotle, fasili nzuri ina viungo vitatu: jina, ukoo wa kitu hicho, na kinachokitofautisha na ndugu zake. Watoto wetu wanalijua umbo hili kinyumenyume. Kitendawili kinakupa tofauti na kukuficha jina: nyumba yangu haina mlango. Unafikiri, unasema yai. Fasili inaanza na yai halafu inakudai uitaje nyumba na ukosefu wa mlango. Mtoto anayetega vitendawili jioni anaweza kufasili asubuhi, mradi mwalimu amwonyeshe viungo badala ya kumpa wimbo.

Hapa ndipo mizizi na fasili vinapokutana, na hili ndilo nililolijia Mwankoko. Katika maneno mengi ya sayansi, mkia wa neno ni ukoo na kichwa chake ni tofauti. "Meter" inakwambia chombo cha kupimia. "Thermo" joto, "baro" uzito wa hewa, "hygro" unyevu, "anemo" upepo. Mwanafunzi anayejua hayo hahitaji kukariri fasili nne. Akiulizwa "anemometer" anajenga mwenyewe: "An anemometer is an instrument used to measure the speed of wind." Na upepo wa Singida unajitambulisha wenyewe. Sisi tumefanya vivyo hivyo: kipimajoto, kipimamvua, isipokuwa kwetu ukoo unatangulia na tofauti inafuata. "Vore" ni mlaji: wa majani, wa nyama, wa vyote. "Cyte" ni seli, "erythro" nyekundu, "leuco" nyeupe. Kisha mwonye mtoto kwamba "perimeter" na "diameter" zina mkia uleule lakini ni vipimo, haziko kwenye sanduku la vyombo. Ndiyo maana baada ya kujenga lazima afungue kamusi ahakiki. Ile ya Kiingereza–Kiswahili iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) mwaka 1996 inatosha kuanzia. Shule ikiwa na nakala tatu, zisifungiwe kabatini zisichakae. Kamusi safi katika shule ni aibu.

Nimesifu mizizi sana. Niipunguze sifa kidogo, kwa sababu wako watakaotoka hapa wakanunue vitabu.

Vitabu vingi vya kujenga msamiati kwa mizizi viliandikwa kwa watu ambao Kiingereza tayari wanacho. "Word Power Made Easy" cha Norman Lewis, cha 1949, kinachopatikana hata kwenye meza za vitabu vya mitumba, ni cha namna hiyo. Mmarekani wa Lewis alijua "give off", "take place", "although" na "unless" tangu utotoni. Alichokosa ni maneno makubwa ya ofisini. Mtoto wetu ni kinyume chake. Anaweza kukuandikia "photosynthesis" bila kosa la herufi, halafu akakwama kwenye "oxygen is given off", kwa kuwa hajui kwamba "give" na "off" zikikaa pamoja ni kutoa gesi. Hakuna mzizi wa Kigiriki utakaomwokoa hapo.

Michael West alichapisha mwaka 1953 orodha ya maneno yapatayo 2,000 yanayotumika zaidi katika Kiingereza. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand akatoa orodha nyingine, ya koo 570 za maneno ya kitaaluma. Alipopima maandishi ya chuo kikuu, aliona kwamba maneno ya West yalibeba zaidi kidogo ya robo tatu ya maneno yote kwenye kurasa, na koo zake 570 zikabeba kama asilimia 10. Katika hizo 570, zaidi ya asilimia 80 zina asili ya Kilatini au Kigiriki. Someni takwimu hizo kama mkulima anavyosoma mvua. Maneno madogo ndiyo mengi, na hayana njia ya mkato: yanapatikana kwa kusoma hadithi nyepesi, nyingi, na kuzungumza bila kuogopa kuchekwa. Mizizi inakuja kwa ile asilimia 10 na kwa majina ya sayansi juu yake, ambayo ndiyo yanayoulizwa kwenye mtihani. Ukianza na mizizi kabla ya maneno madogo, utazalisha mtu anayejua "omnivore" asiyeweza kuomba maji.

Wazazi mtauliza mfanye nini, na wengi wenu hamkusoma Kiingereza. Hamhitaji kukijua. Jioni mwambie mwanao akueleze neno moja la darasani kwa Kiswahili au kwa Kirimi: ni kitu cha ukoo gani, na kinatofautianaje na wenzake. Akishindwa kwa lugha yako, hajalielewa kwa Kiingereza pia, hata kama amelipata kwenye jaribio. Usikubali wimbo.

Kwa wanafunzi, ninapenda daftari moja la kurasa nyingi, lisiwe la somo lolote. Ukurasa mmoja kwa mzizi mmoja. Juu andika neno unalolijua tayari lenye mzizi huo, trekta au baiskeli au petroli, kwa sababu kumbukumbu inahitaji mahali pa kutundika vitu. Chini yake ongeza ndugu kadiri unavyokutana nao kwenye vitabu vya masomo yote. Usiwatafute kwa nguvu. Kwa kila ndugu andika fasili yako kwa Kiswahili, kisha sentensi ya Kiingereza uliyoitunga wewe, na acha nafasi ya kusahihisha. Mizizi miwili kwa wiki inatosha. Mwanafunzi anayetaka ishirini kwa usiku mmoja anajiandaa kusahau ishirini.

Walimu, ombi langu kwenu ni zito kidogo. Kazi hii imeachiwa mwalimu wa Kiingereza, ambaye hafundishi "leucocyte" wala "isotherm". Anayeyafundisha ni mwalimu wa Baiolojia na wa Jiografia, nao wanasema msamiati si somo lao. Basi dakika mbili tu, neno linapoandikwa ubaoni kwa mara ya kwanza: kata neno kwa chaki, uliza nani anajua kipande hiki kutoka neno jingine, ngoja mikono. Mtashangaa ni mara ngapi mkono wa kwanza utakuwa wa mtoto wa nyuma kabisa ambaye baba yake ana trekta.

Maswali sasa. Naona Hamisi ameshanyanyua mkono. Na Joji, mkulima wetu, ajiandae kumfuata.